Lupango za kale ndani ya shamba la shayiri: ginsi ya kusoma foto iliyopigwa toka juu



Kisha somo la historia, wamoja wa kalasi ya tano waliuliza ulizo hili: huko Ulaya watu wanajua namna gani kwamba chini ya shamba fulani kuna mufereji uliochimbwa miaka 5000 iliyopita, na juu ya udongo hakuna kitu? Hakuna jiwe, hakuna tuta, ni shayiri tu. Na tena wanajua mbele ya kuchimba! Moja wenu alisema kwamba ni kubahatisha. Hapana. Ni kazi yenye kanuni zake, na musingi wake munaujua tayari, kwa sababu munauona kila mwaka nyuma ya nyumba.

MAHINDI YA JALALA

Angalieni mahindi yaliyopandwa fasi ambapo zamani palikuwa jalala ao choo kilichofunikwa. Yanakuwa marefu kupita ingine, na rangi ya majani yake ni nzito. Jua likiwaka majuma mawili ao matatu pasipo mvua, mahindi ya pembeni yanakunja majani, lakini yale ya jalala yanasimama. Sasa angalieni maharagi yaliyo pale nyumba ya zamani iliposimama, fasi ambapo udongo ulipigwa-pigwa hata ukawa mugumu kama barabara. Ni mafupi, na yanageuka manjano mbele ya wakati wake. Mama zetu wanajua jambo hili kutupita. Mama anaweza kukuonyesha fasi ya nyumba ya babu, ingawa hata mti moja wa ile nyumba haukubaki.

Sababu yake ni hii. Mutu akichimba shimo refu, kisha shimo likajaa polepole kwa udongo wa juu, majani yaliyooza na takataka, ule udongo wa ndani ni laini na unashika maji mengi. Mizizi inashuka ndani na inaendelea kunywa wakati mimea ya jirani imekwisha kukauka. Lakini kama chini kuna ukuta wa mawe ao sakafu ngumu, mizizi inagonga pale na inarudi. Udongo ni kidogo, maji ni kidogo, mumea unateswa na jua wa kwanza.

Basi tunapata alama za namna mbili. Juu ya shimo ao mufereji: mimea mirefu, ya kijani nzito, inayochelewa kukomaa. Juu ya ukuta: mimea mifupi, ya manjano, inayokomaa mbio. Mwanafunzi anayeshika mambo haya mawili ameshika karibu nusu ya somo.

JUU YA NINI NI LAZIMA KUPANDA JUU?

Siku ya defile, wanafunzi wanapojipanga uwanjani ili kuandika herufi kwa miili yao, yule aliye ndani ya mustari anaona nini? Anaona mugongo wa mwenzake tu. Mugeni aliye juu ya jukwaa ndiye anayesoma. Ni vile vile na shamba. Mukulima anayepita ndani ya shayiri yake anaona kwamba hapa ni ndefu, pale ni fupi, lakini hawezi kuona kwamba ile ndefu inafanya mviringo wa mita 75.

Hata hivyo kuna watu waliotambua jambo hili pasipo ndege. Mwingereza William Camden, ambaye kitabu chake Britannia kilitoka mara ya kwanza mwaka 1586, aliandika juu ya Richborough, muji wa Waroma, kwamba ngano ilipoota, njia za ule muji zilionekana katika mistari yenye kukingamana. Lakini kazi yenyewe ilianza wakati watu walipopanda angani na mashini ya foto. Mwaka 1906 askari Waingereza walipiga foto ya Stonehenge toka ndani ya baluni. Kisha vita ya 1914–1918, mapiloti walikuwa wamezoea kusoma udongo wa adui toka juu, na moja wao akatoa mufano ambao vitabu vyote vinausimulia.

Huyu ni Gilbert Insall. Mwezi wa 12 mwaka 1925 alikuwa anaruka karibu na Stonehenge, kwa urefu wa mita 600 hivi. Akaona ndani ya shamba lililolimwa mviringo mukubwa wenye madoa meupe katikati, maana udongo wa chini wa inchi ile ni chokaa. Wakati ule watu walizania kwamba fasi hiyo ni kaburi la zamani tu, lenye tuta lililobomolewa na jembe. Insall hakutosheka. Akarudi mwezi wa 7 mwaka 1926, wakati ngano imekua, akapiga foto: madoa yalionekana wazi, yamepangwa katika miviringo mingi, moja ndani ya ingine. Maud Cunnington na bwana wake Ben walichimba pale kuanzia mwaka ule wa 1926, na kila doa lilikuwa shimo la muti mukubwa uliosimamishwa. Miviringo sita ya miti. Fasi hiyo inaitwa leo Woodhenge.

Tazameni vizuri alichofanya. Aliona mara ya kwanza wakati wa baridi, akangojea miezi saba mpaka mimea iseme. Mwaka 1929, karibu na muji wa Norwich, aliona lupango ingine kwa njia hiyo hiyo, Arminghall, na Grahame Clark aliichimba mwaka 1935.

Mutu wa pili wa kukumbuka ni O.G.S. Crawford, aliyekuwa mwanaarkeolojia wa ofisi ya karata za inchi ya Uingereza tangu 1920. Yeye ndiye aliyefanya kazi hii kuwa elimu yenye mupango: kukusanya foto, kuzilinganisha na karata, kuandika kila alama fasi yake. Mwaka 1928 alitoa, pamoja na Alexander Keiller, kitabu cha foto za kusini ya Uingereza.

WAKATI NA UDONGO

Alama haziji kila mwaka. Mvua ikinyesha vizuri, mimea yote inakunywa sawasawa na shamba linanyamaza. Lazima ukavu upige wakati mimea inakua: huko Ulaya ni mwezi wa 5 mpaka wa 7. Shayiri inasema vizuri kupita zote, ngano vile vile. Majani ya malisho ya ngombe yanasema tu wakati ukavu ni mukali sana.

Udongo pia una tabia yake. Juu ya changarawe, muchanga ao chokaa, maji yanatoroka mbio, kwa hiyo tofauti kati ya mufereji na pembeni yake inatokea upesi. Udongo wa mufinyanzi unashika maji fasi zote; huko alama zinachelewa ao hazitoki kabisa. Basi mutu akisema «nimeangalia foto, sikuona kitu, hakuna kitu», amekosa kufikiri. Shamba linaweza kunyamaza miaka 40 na kusema majuma mawili.

Ndilo lililotokea Irlande, katika bonde la mto Boyne, karibu na Newgrange, kaburi kubwa la mawe lenye miaka zaidi ya 5000. Wataalamu wamepita huko tangu zamani. Mwezi wa 7 mwaka 2018 jua liliwaka sana, na Anthony Murphy na Ken Williams walirusha droni zao kupiga foto. Ndani ya shamba moja wakaona mviringo mukubwa, zaidi ya mita 150 toka upande moja mpaka upande ingine, wenye vipande-vipande vya mufereji vilivyopangwa mbili-mbili. Hakuna aliyeujua. Mvua ingalirudi mbele yao, hatungalikuwa na habari ile. Watu wakaita fasi ile Dronehenge, jina la muchezo kidogo, lakini limebaki.

KUJUA KAMA NI KAZI YA MUTU

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Si kila mustari wa kijani ni lupango. Mbele ya kuandika jina lolote, uliza kwanza: ni nini ingine inaweza kufanya alama hii?

Mistari miwili inayofuatana kwa kipimo kimoja na kwenda pamoja na mistari ya kupanda: ni nyayo za trakta. Mistari iliyonyooka inayoingia katika mustari moja mukubwa, kama mifupa ya samaki: ni mifereji ya siku hizi ya kukausha shamba. Mustari mupana unaopindika-pindika kama nyoka: mto wa zamani uliokufa. Nyavu ya pembe nyingi, kama udongo wa matope uliopasuka kwa jua, lakini kubwa sana: ni nyufa za baridi kali, wakati barafu ilishika inchi zile, mbele watu wa kulima hawajafika. Miviringo midogo inaweza kuwa ya uyoga, ao ya mbuzi aliyefungwa kamba na kula majani pande zote. Na huko Uingereza kuna mitego ingine: fasi za taa kubwa zilizotafuta ndege usiku katika vita ya 1939–1945 ziliacha mifereji ya mviringo ambayo leo inafanana sana na kaburi la miaka 4000. Kwa hiyo mutaalamu anafungua kwanza foto za miaka ya 1940 na karata za zamani.

Alama ya kazi ya mutu wa kale ina dalili tatu ninazozipenda. Inapita mipaka ya mashamba ya leo pasipo kuihesabia, kwa sababu mipaka haikuwako. Upana wa mufereji wake unabaki karibu moja tu. Na ina mulango. Uyoga haufanyi mulango.

KUJUA NI LUPANGO GANI

Kama umehakikisha kwamba ni mufereji wa watu, angalia umbo, ukubwa, milango, na majirani.

Mviringo mudogo uliofungwa, wa mita 10 mpaka 40, mara nyingi ni mufereji uliozunguka tuta la kaburi la wakati wa bronzi. Tuta limekwisha kwa jembe, mufereji umebaki. Huko Ubelgiji, katika Flandre, inchi ambayo watu walifikiri haina matuta mengi, Chuo Kikuu cha Gand kimeandika zaidi ya 1000 ya miviringo hiyo kwa njia ya foto za ndege. Hiyo si lupango ya watu walio hai.

Mufereji uliokatwa-katwa, kama musururu wa soseji, unaozunguka fasi kubwa: huo ndio wa zamani sana, wa wakimelima wa kwanza, wakati wa mawe mapya. Kati ya kila kipande kuna daraja la udongo usiochimbwa. Ukiona musururu huo, moyo unapiga. Wa Etton, mashariki ya Uingereza, ulionekana toka angani mwaka 1976, mwaka wa ukavu mukubwa. Francis Pryor alichimba pale toka 1982 mpaka 1987, kwa sababu kazi ya kutoa changarawe ilikuwa inakaribia. Ndani ya mufereji walikuta vyungu, mifupa, mawe ya kusagia, hata mbao ambazo maji yalizilinda. Vitu vingine vilikuwa vimewekwa kwa mupango, havikutupwa. Kama ule mwaka wa ukavu haukupita, ao kama mutu wa foto angaliandika «mto wa zamani», mashini zingalibeba yote kwa kujenga barabara, na hakuna mutu angalilia kwa sababu hakuna angalijua.

Henji ni mviringo wenye mulango moja ao miwili inayoelekeana, na mufereji wake uko NDANI ya tuta. Fikirini: mutu anayeogopa adui anachimba mufereji nje. Akichimba ndani, hakuna vita hapo. Ni fasi ya kukutana. Ndani ya foto ya mimea tuta halionekani sana, ni mufereji tu, basi milango ndiyo inayosaidia. (Stonehenge yenyewe, iliyotoa jina «henji», ina mufereji nje ya tuta! Majina ya wataalamu ni vile.)

Miviringo mikubwa moja ndani ya ingine, yenye milango miwili mpaka minne: katika Ujerumani, Austria, Tcheki na Slovakia kuna jamaa nzima ya namna hiyo, zaidi ya 100. Goseck ilionekana mwaka 1991 na piloti Otto Braasch. Ina mita 75, mufereji moja, nyua mbili za miti na milango mitatu. Walipoichimba, hasa toka 2002 mpaka 2004, walikuta ni ya miaka 4900 hivi mbele ya Kristo. Milango miwili ya kusini inaelekea fasi jua linapopanda na linaposhuka siku fupi kupita zote za mwaka, mwezi wa 12. Braasch alitambua jamaa yake toka ndani ya ndege, kwa sababu alizijua zingine. Ndiyo maana ninasema: hakuna kusoma foto pasipo kulinganisha. Aliyeona moja hajui kitu. Aliyeona mia anaanza.

Pembe nne zenye ncha za mviringo, kama karata ya kucheza: kambi ya askari Waroma. Pembe nne zisizo sawa, na njia zinazoingia: mara nyingi shamba ao kijiji cha wakati wa chuma. Hizo ninazipita upesi, maana si za somo la leo.

FOTO HAISEMI KILA KITU

Foto haitoi mwaka. Inatoa jamaa, na jamaa inatoa mwaka kwa kukadirisha. Mwaka wenyewe unatoka kwa vyungu na kwa kupima kaboni ya mifupa ao makaa. Kwa ile mifereji iliyokatwa-katwa ya Uingereza, watu walifikiri kwa muda mrefu kwamba kila moja ilitumika miaka mamia na mamia. Kazi kubwa ya kaboni iliyotoka mwaka 2011 ilionyesha kwamba nyingi zilijengwa katika karne chache tu, karibu na 3700 mpaka 3500 mbele ya Kristo, na zingine zilitumika wakati wa mutu moja na watoto wake, basi. Hakuna foto ingaliweza kusema hivyo.

Tena, mifereji miwili ikikingamana, foto peke yake haisemi vizuri ni upi ulikata mwenzake. Lazima jembe dogo la kuchimba.

Na kosa lina bei. Ukiandika «lupango ya kale» juu ya nyufa za baridi, mukulima anazuiwa kazi yake bure. Ukiandika «nyufa za baridi» juu ya lupango, mashini ya changarawe inakuja na kwisha. Hata pasipo changarawe, kila mwaka jembe la trakta linakwangua kidogo juu ya mufereji. Jambo hili linatisha kidogo: alama inaonekana wazi kwa sababu fasi ile inalimwa, na kulimwa ndiko kunakoimaliza.

JE, HAPA KWETU?

Kila mara mutu anauliza. Njia hii inataka shamba kubwa la mumea moja, na ukavu wakati wa kukua. Mashamba yetu ni madogo, mihogo, maharagi na mahindi vinachanganyika, na mvua yetu ni nyingi. Basi tusidanganyane, haitafaa sana. Lakini mifereji ya kale iko karibu: Bigo bya Mugenyi, Uganda, ina mifereji ya zaidi ya kilometre 10, fasi zingine kina chake ni mita 4 na kupita. Ni ya karne chache tu, si ya miaka 5000, na hakuna lazima ya shayiri kuiona. Mutu akikosa kuangalia anaanguka ndani.

MAZOEZI

Stensili yetu haiwezi kutoa foto, kwa hiyo chukueni kaye na kreyo, muchore ninachosema.

1. Foto imepigwa wima kabisa toka juu. Uwanja wa mupira wa mita 100 una sentimetre 4 juu ya foto. Mviringo wa kijani una sentimetre 3. Kipimo chake cha kweli ni mita ngapi? Umbo hilo linaweza kuwa la jamaa gani, na ungetafuta nini ingine juu ya foto mbele ya kusema?

2. Piloti alipiga foto kwa upande, si wima. Mviringo unaonekana kama yai. Juu ya nini? Utafuta alama gani ndani ya shamba (pembe za barabara, nyumba, miti) ili kuihamisha juu ya karata, na utahitaji ngapi kwa uchache?

3. Shamba la ngano mwezi wa 6. Mustari wa manjano, mwembamba, umenyooka, unafanya pembe nne na vyumba ndani yake. Ni mufereji ao ukuta? Toa sababu kwa kufuata mizizi.

4. Mviringo wa mita 30, hauna mulango, uko mita 50 toka kambi ya askari ya mwaka 1940. Andika majibu mawili yanayowezekana, kisha sema utaangalia karatasi gani mbele ya kuchagua.

5. Uliza mama ao nyanya yako fasi moja ya shamba ambapo mimea inakua tofauti na pembeni, na sababu anayoijua. Pima kwa hatua, chora, andika mwezi. Kazi hii moja ina pointi nyingi kupita zile ine.

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa jeografia mbele ya nambari inayokuja.